Alifia sebuleni amevaa viatu

Msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha, maneno ni yake:

"Shikamoo mtaalamu. Baba yetu alifariki Julai 2021. Alikuwa na kisukari na presha kwa miaka mingi, na kliniki alikuwa hakosi. Mwaka ule alianza kubanwa kifua, akakataa katakata kwenda hospitali. Alisema wanaoingia kwa kifua hawatoki. Na sisi tuliogopa, tukamfukiza nyungu. Usiku wa tatu akakubali mwenyewe. Tukamvalisha, tukamkalisha sebuleni tukisubiri gari la jirani. Gari linafika, keshakata roho, amevaa viatu. Kaka yangu wa Dodoma mpaka leo anasema tulimfungia ndani akafa. Mama anasema hata enzi za Ukimwi watu walirudi kufia nyumbani, ndivyo magonjwa haya yalivyo. Je, ni kweli ugonjwa wa mlipuko hubadilisha mahali watu wanapofia, au ni sisi tu?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Najua pole iliyochelewa miaka ni kama uji uliopoa, lakini ipokee.

Jibu fupi: si ninyi tu. Sijawahi kukutana na mlipuko mkubwa ambao haukugusa mahali pa kufia. Ila mama yako amepata nusu ya jibu, maana milipuko haisukumi watu upande mmoja. Ukimwi uliwatoa watu mjini ukawarudisha kwao. Ebola iliwatoa nyumbani, wengine kwa nguvu. Korona ilifanya yote mawili, wakati mwingine ndani ya mtaa mmoja. Halafu kuna jambo ambalo mama hakuligusa, na ndilo nitakalolirudia katika barua hii: wengi wanaobadilishiwa mahali pa kufia hawafi kwa ugonjwa uliolipuka. Wanakufa kwa moyo, kwa sukari, kwa malaria, kwa uzazi.

Mahali pa kufia huamuliwa na mambo madogo ya kawaida. Nani ana gari. Nani ataruhusiwa kuingia wodini. Nani atakesha na mgonjwa. Maiti itasafirishwa kwa shilingi ngapi. Mlipuko huvuruga yote manne kwa mpigo, na huyavuruga kwa kila mgonjwa, hata yule ambaye ugonjwa wenyewe haujamgusa.

Nikueleze kwanza tunajuaje. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuhoji wafiwa. Unasubiri matanga yaishe, unaacha wiki kadhaa zipite, unarudi na fomu yako na kuomba kuzungumza na aliyemuuguza marehemu. Homa ilianza lini? Alikohoa? Miguu ilivimba? Aliacha kula kabla au baada ya kuacha kuongea? Majibu hayo husomwa na madaktari, siku hizi hata na kompyuta, ili kukadiria kilichomuua mtu ambaye hakuna daktari aliyemwona. Tanzania iliianza kazi hii mapema. Tangu 1992 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Uingereza, ilifuatilia vifo vya watu wazima Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kwa njia hii. Daftari la hospitali lina kasoro moja ambayo hakuna karani awezaye kuirekebisha: linawajua waliofika tu.

Kwenye fomu ya Shirika la Afya Duniani liko swali linaloonekana jepesi kuliko yote: alifia wapi? Visanduku ni vitano: hospitali, kituo kingine cha afya, nyumbani, njiani kwenda kutibiwa, kwingineko. Utadhani ni swali la nusu dakika. Mimi ndilo lililokuwa likinichelewesha. Mke anasema alifia nyumbani, mwenye bodaboda anasema walipovuka daraja alikuwa bado anahema, na mpwa aliyekuwa amemshikilia kwa nyuma ananyamaza kimya, anaangalia chini. Hiyo "njiani" wachambuzi wengi huiunganisha na "nyumbani" ili jedwali lisiwe pana. Sijawahi kuipenda tabia hiyo.

Sasa tuanze na Ukimwi, kwa kuwa mama ameutaja na kumbukumbu yake ni nzuri.

Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiingia kwa magendo kupitia Uganda. Ng'ambo ya mpaka waliuita Silimu, kwa vile mgonjwa alikuwa anakonda. Fikiria kijana wa Kihaya aliyekuwa na kazi Dar miaka hiyo. Akianza kukonda, yeye na ndugu zake walikuwa na hesabu ambayo hakuna aliyeiandika mahali. Treni ya reli ya kati hadi Mwanza, meli usiku kucha hadi Bukoba, kisha gari hadi kijijini. Ukiwa hai, hiyo ni nauli ya mtu mmoja. Ukishakufa ni jeneza, ni vibali, ni gari la kukodi, ni watu wa kukusindikiza na chakula chao njiani. Kwa hiyo ndugu walisema: "Njoo upumzike nyumbani kidogo," wakati bado unaweza kupanda ngazi ya meli kwa miguu yako. Kila mtu alilielewa neno "kupumzika". Na kwa Wahaya mtu huzikwa kibanjani, chini ya migomba ya kwao, hivyo aliyerudi kuugulia kijijini alikuwa ameshamaliza nusu ya safari ya mazishi.

Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera kuona kifo cha mtu mzima kinaifanya nini familia. Moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba kaya zilitumia fedha nyingi zaidi kumzika mtu kuliko zilizotumia kumtibu. Wageni waliisoma takwimu hiyo wakatikisa vichwa. Mimi sioni ajabu. Miaka ile hospitali haikuwa na dawa ya kukuuzia ambayo ingekuponya. Msiba ulikuwa na kitu cha kutoa: turubai, chakula, watu, jina la marehemu likitajwa kwa heshima. Fedha zilikwenda palipokuwa na kitu.

Safari hii ya kurudi kufa haikuwa ya Kagera peke yake. Huko Agincourt, vijijini kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini, watafiti waliona wafanyakazi wahamiaji wakirudi kutoka mijini na migodini, na vifo vya kijijini vikipanda kwa sababu yao. Thailand nako, karibu theluthi mbili ya watu wazima waliokufa kwa Ukimwi walimalizia siku zao wakiishi na mzazi au jirani naye, na mara nyingi muuguzi alikuwa mama. Kwa hiyo tunaposema "alifia nyumbani" kwa ugonjwa ule, aghalabu tunamaanisha nyumbani kwa mama yake. Siyo nyumba aliyoijenga, siyo chumba alichopanga. Nimekaa na mabibi waliowaosha wanao wenye miaka 30 wakiwa wamevaa mifuko ya nailoni mikononi, kwa sababu glavu zilikuwa zimekwisha tangu mhudumu wa wagonjwa wa nyumbani alipopita mara ya mwisho. Mmoja alikuwa ameifua mifuko ileile na kuianika kwenye kamba pamoja na kanga.

Hapo sasa niingize lile jambo langu. Wakati wengine wanarudi vijijini, wodi za mjini zilifanyaje? Katika hospitali moja kubwa ya umma Nairobi, watafiti waliwahesabu watu wazima waliolazwa mwaka 1988 hadi 1989, wakarudia 1992. Wenye virusi walipanda kutoka 19 hadi 39 katika kila wagonjwa 100. Vitanda havikuongezeka kwa kiasi hicho. Watu walilala mzungu wa nne, na wengine sakafuni kati ya vitanda. Lakini angalia upande wa pili: waliolazwa bila virusi walipungua kwa karibu asilimia 18, na kati ya hao wachache waliopata nafasi, waliokufa walipanda kutoka asilimia 14 hivi hadi 23. Kwa wenye virusi, kiwango cha kufa wodini hakikubadilika sana, kilibaki kama 35.

Isome tena polepole. Ugonjwa ulilipuka kwa kundi moja, uwezekano wa kufa wodini ukapanda kwa kundi jingine. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba wodi ilipofurika, wenye nimonia ya kawaida, sukari au moyo walirudishwa au walikata tamaa mlangoni, na waliofanikiwa kulazwa ni wale ambao hali ilikuwa imeshakuwa mbaya. Waliobaki walikufa mahali ambapo daftari la hospitali halifiki.

Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure hapa kwetu, kuanzia 2004, ramani ilipinduka tena. Kuna nyumba moja niliyoingia na fomu yangu kimakosa, nilikuwa nimeelekezwa kwa jirani. Mama mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniita dirishani. "Wa kwangu yule pale." Kijana aliyeletwa kufia nyumbani alikuwa shambani anakata mkungu wa ndizi, na alikuwa anamsumbua mama yake ampe nauli arudi mjini.

Ebola ni kinyume kabisa. Ugonjwa ule huambukiza sana mtu anapokaribia kufa, na maiti yenyewe huambukiza. Kila tunachokiita kufa vizuri, yaani kushikwa mkono, kufutwa jasho, kuoshwa, kukafiniwa na watu wako, ndicho kinachoueneza. Kwa hiyo dola huingia kati na kusema: huyu hatafia hapa.

Ila dola inaweza kusema hivyo kabla haijawa na mahali pengine pa kumpeleka. Monrovia, Liberia, Agosti na Septemba 2014, lango la kituo kikubwa cha Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) lilikuwa likifunguliwa kwa nusu saa tu asubuhi, wagonjwa wapya wachukue vitanda vya waliokufa usiku. Wengine wote walirudishwa, na wakafia nyumbani, kwenye teksi, au mbele ya lango lenyewe. Wakati huohuo serikali iliamuru maiti zote za jiji zichomwe. Katika nchi ambayo kaburi la mzazi husafishwa na kupakwa rangi kila mwaka, agizo hilo lilikuwa na matokeo ambayo mtu yeyote wa pale angeweza kuyatabiri: watu wakaficha wagonjwa ili wasije wakakosa kaburi. Uchomaji ulisitishwa mwishoni mwa mwaka, yakatengwa makaburi nje ya mji. Mahali pa kuzikwa huvuta mahali pa kufia, Kagera na Monrovia vilevile.

Kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo, Kongo, ambao wengi watalisoma hili kwa Kiswahili chao, mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukaisha 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Kuna vipindi ambapo karibu theluthi ya vifo vilitokea nje ya vituo vya Ebola, vile walivyoviita vifo vya jamii, na kila kifo cha namna hiyo kilimaanisha orodha mpya ya watu waliomgusa. Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wameishi na vita kwa miaka zaidi ya 20, hakuna aliyewaletea gari jipya hata moja, na sasa magari yalikuja kwa msururu kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Walisema ni biashara ya Ebola. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa tofauti ya siku chache, na kuchomwa moto.

Kilichonivutia mimi ni kitu kilichofanyika Beni ambacho hakikuwa dawa. ALIMA, shirika la misaada ya tiba, lilileta vyumba vya plastiki angavu, kila mgonjwa chake. Ukutani zimeungwa glavu ndefu zinazoingia ndani, muuguzi akisimama nje anatia mikono yake humo na kumhudumia mgonjwa bila kuvaa lile vazi la kumtisha. Ndugu anakuja, anasimama hatua moja kutoka kitandani, anaona. Wanasalimiana. Akifa, anamwona akifa. Na waliopona, ambao mwili ulikuwa umeshajenga kinga, waliajiriwa kuwabeba watoto ambao mama zao walikuwa ndani. Ukitaka mtu akubali kufia kwako, usimfungie mlango mbele ya watu wake. Ukuta wa plastiki unaopitisha macho ulifanya kazi ambayo askari hawakuiweza.

Na wasiokuwa na Ebola? Afrika Magharibi, kwa mlipuko wa 2014 hadi 2016, Ebola iliua zaidi ya watu 11,300. Kuna watafiti waliokokotoa ingekuwaje kama huduma za kawaida zilipungua kwa nusu katika nchi tatu zilizoathirika zaidi: vifo vya ziada kwa malaria, Ukimwi na kifua kikuu pekee vingekuwa kama 10,600. Ni makadirio ya hesabu, hayakuhesabiwa makaburini. Lakini ziweke namba hizo mbili sambamba. Mlipuko wa pili ulikuwa karibu sawa na wa kwanza, nao haukuwa na kituo wala lango wala kamera.

Tufike kwa baba.

Nitaanzia England, kwa sababu tu huko kila kifo huandikwa pamoja na mahali kilipotokea. Kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 11 Septemba 2020, vifo vya majumbani England vilizidi wastani wa miaka mitano kwa zaidi ya 24,000. Wengi mno kati ya hao cheti hakikutaja korona. Kwa wanaume, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo vilipungua hospitalini kwa zaidi ya 1,100 na kuzidi nyumbani kwa karibu 1,700. Ingekuwa kila aliyefia nyumbani ni yule ambaye angefia hospitalini hata hivyo, namba hizo zingelingana. Hazilingani. Kwa hiyo sehemu yake ni kuhama tu, na sehemu yake ni watu ambao pengine hospitali ingewaokoa. Kisukari kilionyesha sura hiyohiyo: vifo vya nyumbani vilipanda sana. Hii ni nchi ambayo ambulensi inakuja bure. Watu waliogopa, au waliona haya kuisumbua hospitali wakati wa shida.

Mahali pengine mambo yalikuwa ya wazi zaidi. Guayaquil, Ekuado, hadi katikati ya Aprili 2020 kikosi maalumu kilikuwa kimekusanya maiti 771 majumbani, kuliko 631 walizochukua hospitalini, baada ya familia kukaa na wafu wao kwa siku kadhaa huku simu hazipokelewi. Kanada, wimbi la kwanza lilikuwa ni la nyumba za wazee: karibu vifo 8 kati ya 10 vya korona vilitokea humo.

Lakini ulio karibu nawe zaidi ni Lusaka. Huko anayefia nyumbani hupelekwa mochwari kupata karatasi, na mochwari moja ya hospitali kuu hupokea wafu wengi wa jiji. Watafiti waliokuwa pale walichukua sampuli puani mwa maiti 364, katikati ya 2020. Kati ya hizo, 70, kama mmoja kwa watano, walikutwa na virusi vya korona. Watu 51 kati ya hao 70 walikuwa wamefia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wa hao aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Wakati huo watu walikuwa wakiandika kwamba korona imeipita Afrika. Haikuipita. Ilipita nje ya madaftari.

Hapa kwetu takwimu za serikali zilisimama kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka hazikutoka nyingine. Badala yake tukapata msamiati. "Changamoto ya upumuaji." Nimeyasikia maneno hayo kwenye matangazo ya misiba zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Mtu aliyeko Mwanza Julai 2021, akitaka kujua hospitali ni salama kiasi gani, alikuwa na chanzo kimoja tu cha habari: nani kaingia, nani katoka.

Sasa yasikilize tena maneno ya baba: wanaoingia kwa kifua hawatoki. Kaka yako anayaona ni ujinga. Mimi nayaona ni takwimu sahihi iliyosomwa kinyume. Ugonjwa ukiwatisha watu, wanaoumwa kidogo wanabaki nyumbani na wengi wao wanapona hukohuko, hakuna anayewahesabu. Wanaokwenda ni waliozidiwa. Kwa hiyo wodi, hata ikifanya kazi yake vizuri, inatoa majeneza. Mtaa unayahesabu majeneza, unaogopa zaidi, unasubiri zaidi, na anayefuata anafika akiwa amezidiwa zaidi. Ni mduara, na ndio ule wa Nairobi wa 1992 na wa Monrovia. Baba alikuwa ameona kitu cha kweli. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kinachoua ni usiku wa tatu, si mlango wa hospitali.

Nyungu yenyewe sitaizungumza sana. Mvuke haukumwua. Siku tatu ni siku tatu.

Mama anaposema "ndivyo magonjwa haya yalivyo", mjibu kwa upole kwamba nyumbani kwa Ukimwi na nyumbani kwa korona si kumoja. Wa Ukimwi miaka ya 1990 hakuwa na mahali pengine pa kupona, nyumbani palikuwa pa heshima kuliko sakafu ya wodi. Baba alikuwa na mahali ambapo angepata oksijeni na kupimwa sukari, ikiwa mtungi ulikuwapo. Na hata kufia nyumbani kwenyewe kuna namna mbili. Marekani, mwaka 2017, kwa mara ya kwanza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, waliokufa kwa maradhi wakiwa nyumbani waliwazidi waliofia hospitalini, na hilo lilishangiliwa, maana wengi walichagua wenyewe, muuguzi akija na dawa za maumivu. Uganda jirani hapa, Hospice Africa, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman, tangu 1993 inamfuata mgonjwa wa saratani kwake na morfini ya kunywa kwenye chupa ndogo, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Yule anafia nyumbani. Na anayekufa akipaparika kwa kukosa hewa huku wanawe wanapiga simu za gari, naye anafia nyumbani. Kisanduku ni kimoja.

England, kwa taarifa yako, haikurudi ilikokuwa. Kabla ya korona, katika kila vifo 100 kama 24 vilikuwa vya nyumbani, na miaka iliyofuata ikawa kama 28. Nani kati ya hao amechagua na nani amechoka kusubiri ambulensi, jedwali halisemi.

Kuhusu kaka: mwambie kwamba wa kulaumiwa ni wengi mno kutosha chumba kimoja. Ninyi mlichelewa siku tatu. Yeye alikuwa Dodoma, na kwa simu alikuwa na siku hizohizo tatu. Sisi tuliokuwa na kazi ya kuhesabu na kusema tulichelewa zaidi ya mwaka. Kama kifo hakijasajiliwa bado, kisajilini RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, hata sasa, inawezekana, na mtendaji wa mtaa atawaelekeza pa kuanzia. Wafu wa mwaka ule walioandikwa ni wachache, aongezeke mmoja.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama ningekuja kwenu na fomu ningeandika nini. Kwenye swali la mahali, ningeweka alama "nyumbani", bila kubishana na mtu. Lakini kurasa za mwisho za fomu ile zina maswali ambayo huko nyuma hayakuwapo. Siku za mwisho, palikuwa na shaka kama matibabu yanahitajika? Dawa za asili zilitumika? Kuna aliyepiga simu kuomba msaada? Kutoka hapo hadi hospitali ni zaidi ya saa mbili? Kwenu ni ndiyo, ndiyo, ndiyo, na sidhani kama hilo la nne ni ndiyo. Halafu panakuja nafasi tupu, mistari mitupu, mhojaji aandike simulizi kwa maneno ya wafiwa wenyewe. Hapo ningeandika saa mliyompigia jirani, saa gari lilipofika, na kwamba alikuwa ameshavalishwa viatu.